Mahari Pazuri

Jumatano, 6 Agosti 2025 – Ngoingwa

Nimefungua mkoba, nimefunga, nimefungua tena. Sweta imeingia, imetoka. Watu husema pwani ni joto, lakini ukiamka Ngoingwa mwezi wa nane na ukungu uko mlangoni, mwili haukubali kuambiwa habari za joto. Sweta imerudi ndani.

Kesho tunaenda. Nzioki ana sehemu yake ya welding pale mtaa wa Landless, na mwaka jana alimtengenezea tajiri mmoja wa Ruiru mageti na reli za ngazi za nyumba ya likizo aliyojenga kule Kilifi, karibu na ufuo ambao watu hupanda mawimbi kwa ubao. Tajiri alipenda kazi. Akamwambia, wageni wakipungua, nenda ukae siku kadhaa na mtu wako. Mtu wake ni mimi. Ati.

Niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma. Nzioki aliniuliza tangu Aprili kama nitaolewa naye. Nikasema nipe muda. Muda umekuwa mrefu mpaka mimi mwenyewe naona haya. Tumekubaliana nitamjibu tukiwa huko, kabla hatujafunga safari ya kurudi Jumapili. Ndiyo au la, kwa mdomo wangu mwenyewe. Nina miaka thelathini na saba. Nina agrovet yangu Thika, watu wananiuliza mambo ya ng'ombe na kuku mchana kutwa na majibu ninayo. Hili moja limenishinda.

Si kwamba simpendi. Nampenda, mpaka inaniudhi. Shida ni Kithimani, kwao Ukambani. Anajenga huko, nyumba ya mawe, kila akienda anarudi na picha za kuta kwa simu. Hajasema tutahamia, na mimi sijauliza, kwa sababu nikiuliza atanijibu. Duka langu nililianza na debe moja la chakula cha kuku. Siwezi kulifunga niende kuangalia kuta.

Halafu Maitu. Mama yangu naye anakuja! Hakualikwa na mtu. Alisikia habari, akasema binti yake hatalala nyumba moja na mwanamume ambaye hajaleta hata mguu wa mbuzi. Nikamwambia mimi si mtoto. Akasema ndiyo sababu anakuja. Amebeba nduma, unga, na jiko dogo la gesi.

Nzioki alipoambiwa alisema, "Sawa. Basi tukate tiketi ya tatu." Hivyo tu. Mtu wa namna hii utamkasirikiaje?


Alhamisi, 7 Agosti – Kilifi

Tumefika. Treni, gari, kisha njia ya mchanga katikati ya mikorosho mpaka nikadhani dereva amepotea. Kisha geti. Nzioki akashuka akalipapasa kama mtu anayemsalimia ng'ombe wake. Geti lake.

Nyumba ni nyeupe, imepakwa chokaa laini isiyo na kona. Dari ya makuti juu sana. Bafu haina mlango. Kidimbwi cha kuogelea kimeachwa bila ukingo upande mmoja, unafikiri maji yatamwagika mpaka baharini. Sebule nayo haina ukuta upande wa bahari, ni upepo mtupu. Maitu amesimama hapo na mkoba wake akauliza kama mawe yaliwaishia.

Jirani hakuna. Nafuna, mama anayeitunza nyumba, amesema ukiishiwa na chumvi hapa ni kuvumilia tu. Simu haishiki.

Kuna kimya kinachonikodolea macho. Sijalala vizuri, na ni mapema kusema hivyo kwa sababu bado sijalala.


Ijumaa, 8 Agosti

Sijui kupumzika. Leo nimejua kwa hakika.

Nimeamka nikafagia. Nafuna akanipokonya ufagio, kwa upole, "Dada, wewe ni mgeni, kaa chini." Nikakaa. Nikasimama. Nikapanga vikombe vya watu upya. Nikaenda kwenye kitanda cha kamba kando ya maji, kile ambacho ukikikalia unatakiwa uonekane umefurahi. Nikaonekana hivyo kwa dakika moja.

Nikatafuta network. Iko mahali pamoja tu, nyuma ya jikoni, karibu na bafu ya nje, na lazima uinue simu kidogo. Nafuna ameweka stuli hapo. Maitu ameshaipa jina, anaiita posta. Nikampigia Ciku niliyemwachia duka. Akasema kila kitu kiko sawa. Nikampigia tena baada ya chai. Akasema, "Aunty, chanjo ziko kwa friji, customers wako poa, hata ile paka iko poa. Si u-relax tu?" Mara ya tatu hakushika. Mtoto ana adabu lakini ana akili pia.

Maitu hapumziki vilevile, ila yeye ana kazi. Amefunika upande wa sebule usio na ukuta kwa leso mbili, ati tunaonekana. Na nani? Hakuna mtu, kuna bahari. Akasema hiyo hiyo. Kisha akafua gagulo lake akalianika kwenye lile gogo la mapambo pale mlangoni, gogo lililotolewa baharini, likasuguliwa, likawekewa taa yake. Nilitaka ardhi inimeze. Nzioki alipita, akaliona, akaligeuza tu upande wa jua ili likauke haraka, akaendelea na safari yake. Hajui nilikuwa namwangalia.

Mchana tukashuka ufuoni. Kuna Ajwang, dada mmoja wa Homa Bay anayefundisha watu kupanda mawimbi. Nzioki akachukua ubao. Mwanamume mzima, kifua cha kubeba vyuma, bahari ikamtupa kama ganda la ndizi. Akainuka anacheka. Ikamtupa tena. Sijawahi kumwona akicheka hivyo Landless, huko uso wake uko nyuma ya ile barakoa ya welding.

Nikasema na mimi nijaribu, kuliko kukaa. Ajwang akanilaza juu ya ubao, akaniambia nisiangalie chini, niangalie ninakoenda. Kwangu hilo hasa ndilo swali, ninakoenda. Wimbi likaja, nikapiga magoti, nikafikiria Kithimani, nikanywa maji ya chumvi mpaka puani. Maitu alikuwa amesimama mchangani na viatu vyake na kilemba chake, ameishika leso kwa ncha zote mbili kama mtu anayetaka kunivuta nayo. Nilipotoka akanifunika, akasema maji yote hayo na huwezi kuyapikia hata chai.

Jioni nilikuwa najimwagia maji bafu ya nje, naye Maitu yuko posta, upande wa pili wa ukuta. Simu yake ikalia. Ni Syokau, mamake Nzioki, kutoka Kithimani. Hawajawahi kuonana, wanasalimiana tu kwa simu, Kiswahili cha Kikuyu na Kiswahili cha Kikamba, na kila mmoja anaamini mwenzake ndiye hajui. Maitu huweka spika daima kwa hiyo nilisikia yote. Syokau akauliza habari, akazunguka zunguka, mvua, mifugo, kisha akauliza kwa heshima, akimwita kwa jina langu, "Na huko, mama Ngendo, mnaonaje?"

Maitu hakungoja. Sifa zikamwagika. Mahari ni mzuri! Mahari kubwa, hajawahi kuona mahari kama hii tangu azaliwe. Na wao wakuje siku moja, hata na wazee wao, wasione haya. Mahari kama hii haitaki kungojangoja. Simu ikakatika katikati, ikarudi, ikakatika kabisa.

Nimemkasirikia. Unamwalikaje mtu, na wazee juu yake, kwenye nyumba isiyo yako? Nimemwambia hivyo nikiwa na sabuni usoni. Amesema ukarimu haujawahi kuua mtu.


Jumamosi, 9 Agosti

Naandika mambo ya asubuhi kwanza, kwa mpangilio, la sivyo nitachanganyikiwa.

Tulitembea ufuoni mimi na Nzioki, mapema, maji yametoka mbali. Niliamka nikiwa nimechoka na mimi mwenyewe. Nikasema bila hata kumsalimia vizuri, "Mimi sitafunga duka."

Akasimama. "Nani amekuambia ufunge duka?"

"Si unajenga Kithimani."

"Najengea mama. Nyumba yake inavuja."

"Na sisi?"

"Sisi sijui. Nilikuwa nangoja uniambie unataka tukae wapi. Nikaona ukinyamaza, nikanyamaza."

Miezi yote hiyo! Yeye anangoja, mimi nangoja, na katikati kuta za mama yake zinapanda. Nilicheka mpaka nikaketi mchangani. Yeye hakucheka. Alikuwa ananiangalia kama mtu aliyeona gari analolingojea likikata kona. Akaniuliza, "Sasa?"

Nikamwambia twende tunywe chai kwanza.

Kwa nini nilisema chai? Kwa sababu jibu nilikuwa nalo tayari. Nilikuwa nimelipata, ni langu, limenikaa vizuri mdomoni, na nikataka kutembea nalo kidogo kabla halijawa la watu wote. Njiani nilikuwa hata sitaki kukimbilia popote. Nilisikia miguu yangu ikitulia, niliisikia kabisa.

Sasa yaliyofuata.

Nafuna alikuwa amemimina chai. Simu yangu niliiacha posta ikichaji, ikaanza kulia, ikakatika, ikalia. Nikaenda. Ni Baba mdogo Gerishon, ndugu yake marehemu baba, ambaye anaishi nasi boma moja kule Ngoingwa. Anaongea kwa kunong'ona.

"Ngendo, mko wapi? Huku kwa geti kuko na watu."

"Watu gani, Anko?"

"Wakamba. Wamekuja na pick-up. Wako na wazee, na mama mmoja amevaa kitenge ameweza kabisa. Na wako na mbuzi tatu. Wanasema Tabitha ndiye aliwaita walete mahari."

Tabitha ni Maitu. Nilimwita. Akaja na kikombe mkononi, nikaweka spika.

"Mimi?" akasema. "Nimeita nani, Gerishon? Sijaita mtu."

"Wanasema jana uliongea na huyu mama. Ukamwambia mahari ni kubwa, haitaki kungojangoja. Wakuje na wazee."

Maitu akatazama simu. Akatazama makuti. "Mimi nirisema mahari," akasema polepole. "Mahari! Hapa! Hii nyumba!" Akapiga ukuta wa jikoni kwa kandambili ili Gerishon asikie ni ukuta.

Na hapo ndipo nilipoelewa, na bado nikiandika natokwa na jasho. Mama yangu hana L. Hajawahi kuwa nayo. Kalamu ni karamu, kulala ni kurara, na mahali, tangu nizaliwe, ni mahari. Nyumbani hakuna anayesikia tena. Mimi mwenyewe jana nilikuwa nyuma ya ukuta nikasikia kila neno, hata nikaliandika hapa anavyolitamka, na bado masikio yangu yakamsahihishia kama kawaida yao. Lakini Syokau ni Mkamba, hana shida na L. Yeye alisikia alichoambiwa.

Nzioki alikuwa amefika nyuma yetu. Nikamuuliza mama yake hakujua tuko pwani? Akainamisha kichwa. Alimwambia amekuja peke yake kufunga mageti. Aliona aibu kumwambia amesafiri na mimi kabla ya mbuzi wa ntheo, wale ambao Wakamba huposea. Na alimwambia pia kwamba wiki hii Ngendo atatoa jibu. Kwa hiyo mama wa watu amekaa Kithimani anangoja jibu, akashindwa kuvumilia, akapiga simu Ngoingwa, anavyodhani, akauliza kwa heshima mnaonaje. Akajibiwa mahari kubwa, haingoji. Angefanya nini? Mbuzi walikuwa tayari tangu Juni, Nzioki amekiri.

Simu yake naye akaiinua juu, meseji zikaingia zote pamoja. Zote za mamake. Ya mwisho inasema wamepita Thika, na kwamba Mungu ni mwema.

Baba mdogo bado yuko kwenye laini. Akasema hajawafungulia. Amewaambia kufuli inasumbua. Lakini jua limepanda, majirani wameanza kutoka nje kumwagilia maua ambayo hawana, na kufuli haiwezi kusumbua siku nzima. "Ngendo, nisikize," akasema. "Hizi mbuzi zikiingia, zimeingia. Hiyo unajua. Sema nifanye nini."

Najua. Kwetu na kwao, hapo hakuna tofauti. Mbuzi wakipokelewa ndani ya boma, msichana ameshajibu.

Nzioki akaichukua simu akasema, "Anko, waambie warudi. Mimi nitaongea na mama."

Nikamuuliza, "Na wakirudi?"

"Wakirudi wamerudi."

"Nzioki. Watakuja tena?"

Akairudisha simu kwenye stuli. Maitu ndiye alijibu, kwa sauti ambayo hakuwa nayo tangu tufike. Alisema mbuzi hawarudishwi getini halafu wakaletwa tena. Wazee wakiona mgongo wa geti mara moja, kwao hilo boma limekwisha. Alisema hivyo akakaa chini, kwenye ngazi, na chai yake imemwagikia gaunini. Nilitaka kumpigia kelele na nikashindwa. Ameonekana mdogo.

Nimekasirika. Acha niandike hivyo wazi. Nimemkasirikia Maitu na ulimi wake, Syokau na haraka yake, Nzioki na uongo wake wa mageti, na mimi na chai yangu. Jibu lilikuwa langu. Kitu kimoja tu nilichotaka katika haya yote ni kulisema mimi. Sasa nikisema wafunguliwe, maisha yangu yote watu watasimulia kwenye harusi za wengine jinsi Ngendo aliolewa na herufi, na Nzioki mwenyewe hatajua kama nilimkubali au niliona aibu kuwafukuza mbuzi. Nikisema warudi, nimempoteza kwa sababu ya kiburi. Na amesimama pale kwenye reli aliyoichomelea mwenyewe, ameipa nyumba kisogo, hataki nione uso wake nisije nikamhurumia. Anaendelea kuniachia nafasi. Hata sasa!

Baba mdogo akasema, "Halo? Ngendo? Huyu mama anauliza kama kuko na mgonjwa."

Nikachukua simu. Nikamwambia asifungue na asifukuze. Atoke nje yeye mwenyewe, awasalimie wazee vizuri, awape maji, na ampe Syokau hiyo simu.

"Syokau? Yeye mwenyewe?"

"Ndiyo, Anko. Mpatie. Nitaongea naye."

"Ngendo, mambo ya mahari msichana haongeangi…"

"Anko. Mpatie simu."

Kwa hiyo sasa niko posta. Simu iko kwenye spika juu ya stuli, nimepiga magoti kando yake kwenye kokoto, naandika ili mikono iwe na shughuli. Nasikia kufuli, ambayo haina shida yoyote, ikifunguliwa kwenye ule mlango mdogo wa watu. Nasikia Baba mdogo akiwasalimia, sauti yake ya kanisani. Mbuzi wanalia. Wanalia vizuri, hawana kikohozi.

Maitu anataka kujua nitasema nini. Simwambii. Nzioki amegeuka.

Sijawahi kuongea na huyu mama. Nikituma salamu kwa Nzioki nasema msalimie mama Nzioki, kama vile ningesema mama mwenye duka la pili. Wakamba mama yao humwita mwaitu. Sisi maitu, wao mwaitu. Tangu Aprili nimelizunguka hilo neno kama shimo barabarani.

Anakuja. Anauliza huyo ni nani, simu inashikiwa wapi. Anahema.

"Halo?"

Nimesema, "Mwaitu, ni mimi, Ngendo. Maitu hakuwa anaongea mambo ya mahari jana, nitakueleza, utacheka. Lakini mimi niko na neno langu, na nataka ulisikie kutoka kwangu kabla mbuzi hazijasonga popote."

  Namsikia akimwomba Baba mdogo kiti, akae hapo hapo nje ya geti anisikilize.